Mwalimu wa Kufuli Tatu

Mwalimu alikuwa mwoga. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu siku ya kumuaga watu walilizungukazunguka, mara alikuwa mtu wa tahadhari, mara mpole, mara hakupenda makuu. Hapana bwana. Alikuwa mwoga, na mimi niliyemjua miaka ishirini nalisema kwa mapenzi, maana mimi mwenyewe ni mwoga na waoga tunajuana. Tukikutana kwenye ngazi, kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake nyuma kwanza, kuna nani anamfuata, ndipo tunasalimiana.

Alikuwa Mzungu. Pasipoti yake ilisema Mswidi, yeye mwenyewe alisema asili yake Mwingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, cha taratibu na kilichonyooka, kwa kuwa baba yake alikuwa mchungaji wa misheni huko na yeye alifundisha shule huko mpaka mvi zikamtoka. Hapa Guangzhou, China, aliishi mtaa wa Xiaobei, jengo la nyuma ya Tianxiu, lile ghorofa la maduka ya Waafrika, ghorofa ya tisa, chumba kimoja na jiko. Kazi yake ilikuwa kutusomea karatasi. Mtanzania akipewa mkataba na kiwanda, au boksi lina maandishi asiyoyaelewa, alipelekwa kwa Mwalimu. Mimi nina ofisi ya kago Tianxiu, nakusanya mizigo ya watu na kuisafirisha Dar na Tanga, kwa hiyo wateja wangu wengi walikuwa wateja wake. Aliniita Dada, ingawa angeweza kunizaa, na mimi nilimwita Mwalimu kama wote.

Mlango wake ulikuwa na kufuli tatu. Kulikuwa na kitasa cha mwenye nyumba, komeo alilolifunga mwenyewe, na kufuli ya shaba iliyokuwa ikining'inia kwenye pete kwa ndani. Ukigonga, hafungui. Unaweza kugonga mpaka vidole viote sugu. Vijana wa kuleta chakula walimwachia mifuko chini wakaenda zao. Ilikubidi upige hodi, kwa sauti, kwa Kiswahili, akutambue. Na hapo pia hakuwa anasema karibu. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia mtu yule akisema karibu. Ukisema "Hodi," yeye kutoka ndani anauliza, "Uko na nani?"

"Peke yangu, Mwalimu."

"Na nyuma yako?"

"Hakuna mtu."

Ndipo unazisikia: kufuli, komeo, kitasa. Ukishaingia anazirudisha zote, kitasa, komeo, kufuli, halafu ndiyo anakuuliza habari za nyumbani.

Siku moja nilimtania. "Mwalimu, wewe umekulia Unyamwezini, kwa watu wanaokaribisha hata wasiowajua. Neno karibu limekukwama wapi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza jambo la hesabu. "Karibu ni neno kubwa, Dada. Ukishalisema huwezi kulirudisha."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Yeye hakucheka.

Nyuma ya mlango aliweka mkoba wa turubai ambao haukuguswa na mtu. Ndani, alivyoniambia, kulikuwa na pasipoti, karatasi ya polisi ya kuandikisha makazi, tochi, shati safi na pakiti ya biskuti. Ni mkoba wa kuondoka nao ikiwa wataambiwa waondoke. Nani ataambiwa, na nani atasema, hakueleza. Biskuti alizibadilisha kila mwezi, na zile za zamani tulizila kwa chai, laini kama mkate uliolowa. Nikimwambia kwamba pasipoti yake ni ya nchi ambayo watu wanaililia, na kwamba sisi wa pasipoti za kijani na buluu ndio tungepaswa kulala na viatu, alinijibu kwa methali aliyoipenda kuliko zote: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini kicheko chenyewe sikukiona kikienda kwake mara nyingi.

Msidhani aliogopa kila kitu. Hapo ndipo aliponichanganya. Lifti aliiogopa, akapanda ghorofa tisa kwa miguu mpaka uzee ulipomshinda. Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara, alipokuwa akiwasindikiza wafanyabiashara kuwatafsiria, kitu cha kwanza akifika ukumbini kilikuwa kuhesabu milango ya kutokea, na alisimama karibu na mmojawapo saa zote akitafsiri kwa kupaza sauti. Lakini mpeleke mtaa wa Yide Lu kwenye dagaa na kamba wakavu! Alikuwa anagombana na wale malaoban kwa Kikantoni mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Laoban ni bosi, kila mwenye duka huku ni laoban. Alikuwa anawaambia kamba wao wamepakwa rangi, anawanusisha, anaondoka, anaitwa, anarudi, anaondoka tena. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Nikamuuliza mbona hapa huogopi? Akasema, "Hapa wananikasirikia mimi. Hawakasirikii nilikotoka."

Sasa inabidi niseme habari ya ukoo wake, maana huwezi kumweleza Mwalimu bila wale wafu wake. Jina lao silitaji, aliomba lisizungumzwe, nami nilikuwa siwezi kulitamka hata hivyo.

Aliisimulia ofisini kwangu, wateja wakisubiri mizigo ipimwe. Wa kwanza alitoka bandari moja ya Uingereza akahamia bandari ya Uswidi, akiuza chuma na mbao. Alioa huko, akasali huko, akazika watoto huko. Wanawe nao vivyo hivyo, na wajukuu. "Vizazi vitatu," Mwalimu alisema, akiinua vidole vitatu, "na mjini bado waliitwa wale Waingereza." Halafu ukaja uvumi wa vita na Uingereza. Jioni moja watu wakakusanyika nje ya nyumba yao. Mzee wa nyumba akajificha chini ya ngazi na watoto, mkono wake umeziba mdomo wa yule mdogo kuliko wote. Vioo vya madirisha vilivunjwa vyote kwa mawe. Asubuhi jirani yao, mwoka mikate, alikuja kuwasaidia kufagia vipande, na mzee akaona mikononi mwa jirani huyo vumbi la yale yale mawe.

"Akamwambia nini?" nikauliza.

"Akamshukuru kwa kufagia."

Wateja waligeuza shingo mlangoni. Kulikuwa na Khamisi, Mpemba wa duka la vipuri jirani yangu, mtu wa mzaha asiyeshindwa na kitu, na hata yeye alitazama mlango.

Basi mtoto yule aliyezibwa mdomo ndiye alipokua akapanda meli za Waswidi kuja huku huku, Guangzhou, enzi za chai na hariri. Akatajirika. Akarudi, na badala ya kujenga kasri akaenda kwa mfalme kuomba aandikwe katika waungwana wa Uswidi. Kule, mwungwana ana jina lake kitabuni, na ngao ya ukoo wake, imechorwa alama yao, hutundikwa ukutani katika jumba moja kubwa pamoja na ngao za koo nyingine zote. Mfalme akakubali.

"Watu husema walitaka ukubwa," Mwalimu alituambia. "Walitaka kufuli. Mtu ambaye ngao yake iko kwenye ukuta wa mfalme, nani atamwambia rudi kwenu?"

Sisi wa pwani jambo hilo halihitaji mkalimani. Kwetu pia kuna waungwana na kuna watu wa kuja, na mtu wa kuja anaweza kujenga, kuoa na kufa, na bado siku ya ugomvi akaulizwa babu yake kaja na chombo gani. Khamisi akauliza, "Sasa sisi hapa Mwalimu tuandikwe kitabu gani?" Watu wakacheka. Halafu nikaona mkono wa mmoja unagusa mfuko wa shati, penye pasipoti, na mwingine, na wangu pia ukaenda.

"Lakini waliandikwa wakalala usingizi?" nilimuuliza Mwalimu wengine walipoondoka.

"Hapana, Dada. Hapo ndipo walipoanza kuogopa kufutwa."

Akanieleza sheria yao. Ngao inapita kwa mtoto wa kiume aliyezaliwa ndani ya ndoa. Akifa mwanamume wa mwisho bila kuacha mtoto kama huyo, ngao huvunjwa kaburini kwake mbele ya watu, na ukoo umefungwa. Kwa hiyo kila kizazi kilihesabu wavulana, kikihesabu kwa hofu. "Baba yangu naye alinihesabu kila asubuhi," alisema. "Nilikuwa mmoja tu, basi alikuwa anamaliza haraka."

Ukutani kwake, ukikabili mlango, palikuwa na sahani. Ndiyo iliyokuwa imebaki. Yule bwana wa meli aliagiza sahani nyingi hapa Guangzhou, zichorwe ngao ya ukoo wake, alipokuwa akiishi ukingoni mwa mto pamoja na wageni wenzake. Wageni hao hawakuruhusiwa kuingia ndani ya ukuta wa mji, hawakuruhusiwa kuleta wake zao, hata kufundishwa lugha ilikuwa marufuku. Ndiyo sababu Mwalimu alikuja uzeeni kuishi huku na kujifunza lugha hiyo hiyo. Alisema amekuja kumaliza somo la babu yake. Mchoraji wa sahani alipewa karatasi yenye simba wa Kizungu, naye simba pekee aliowajua ni wale wa mawe wa malangoni, basi akachora simba mwenye nywele za kusokotwa na macho ya kutoka nje. Ukoo mzima uliona haya, lakini sahani hawakuzitupa.

Mara ya kwanza kuiona mwili ulinisisimka. Kwetu ni Tanga, karibu na Tongoni, penye makaburi ya kale yenye mashimo ya duara. Zamani ndani ya mashimo hayo palipachikwa mabakuli ya Kichina, kupamba kaburi la mtu mkubwa. Bibi yangu alitukataza kutia vidole mle. Alisema anayebandua bakuli la maiti husikia nyayo zikimfuata mpaka kwake. Mimi nilitia kidole, nikiwa na miaka saba, na mpaka leo nikitembea uchochoroni peke yangu nasikiliza nyuma.

Nikamwambia Mwalimu, "Kwetu sahani kama hii ni ya kaburini."

Rangi yote ikamtoka. "Inapachikwa nzima?"

"Nzima."

"Kwetu huvunjwa," akasema, na siku ile hatukunywa chai.

Sasa viatu. Kila mwaka, kabla ya shule za nyumbani kufunguliwa, Mwalimu alileta ofisini kwangu boksi moja la kwenda Tabora. Kwenye fomu aliandika namba ya simu na jina moja tu la mpokeaji, la kiume, bila la baba. Kwa utaratibu wa kago lazima nifungue nione. Ndani mlikuwa na viatu vya shule vyeusi, vizuri, vya ngozi. Mwaka wa kwanza vilikuwa namba thelathini na mbili. Mwaka uliofuata thelathini na nne. Na miezi michache kabla ya boksi, msafiri kutoka nyumbani huniletea bahasha ya kumpa Mwalimu, na siku moja bahasha ilichanika nikaona: karatasi ya daftari, imechorwa wayo wa mguu kwa penseli, kisigino mpaka vidole. Basi. Hamna barua. Mtu alikuwa anamkanyagisha mtoto karatasi na kuichora.

Miaka ikapita, namba zikapanda. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Arobaini na tatu, zikasimama. Nyayo zikaacha kuja lakini viatu vikaendelea. Mwaka wa mwisho, ndani ya viatu vile vikubwa, kimoja kwa kila kimoja, vilitiwa viatu vya kitoto kichanga, vyeupe, vya kuingia kidole gumba changu. Nilivitazama nikavirudisha. Sikuuliza. Mzigo wa mtu ni siri yake, ilimradi hamna betri.

Kuna siku nitakayoisema kwa sababu inampinga mtu niliyemweleza mpaka hapa. Nilikuwa kwake, nimepeleka karatasi za mteja, mlango ukagongwa. Haukuwa mgongo wa kidole, ulikuwa kiganja kizima. Walikuwa askari wa ukaguzi wa makazi, wanapita jengo zima. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya viza, na ile stakabadhi yake, loo, niliiacha mezani Tianxiu. Nikamwambia Mwalimu, "Usifungue." Yeye alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini. Akafungua kufuli, komeo, kitasa, mwenyewe, kwa watu wasiopiga hodi.

Akasimama mlangoni, akawaeleza kwa Kichina cha adabu kwamba mimi ni mwanafunzi wake, kwamba stakabadhi iko dakika tano kutoka hapo, na kwamba yeye atafuatana nami kuileta na wao wakipenda waje. Mmoja wao alikuwa kijana, akamwita mwalimu kwa heshima. Tukaenda, tukaleta, wakaitazama wakarudisha. Ilikuwa kitu kidogo, kilikwisha kabla maji ya chai hayajapoa. Lakini Mwalimu aliugua siku tatu, homa ya hofu tupu, na nilipompelekea uji akaniambia kutoka kitandani, "Nilimwona mwoka mikate, Dada. Walipogonga nilimwona kabisa."

Masikini. Nililia kwenye ngazi nikiteremka.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana, wakati wa joto. Daktari alimwambia arudi kwao Uswidi akatibiwe, akakataa. Mwenye nyumba, mama mmoja mzee tuliyemwita Ayi, yaani shangazi, alinishika mkono kwenye lifti. Si mama mbaya. Alikuwa akimletea Mwalimu supu. Lakini aliniambia kwa sauti ya chini, "Mhamishe. Akifia humu ndani, nani atapanga tena? Watu wanaogopa." Naye mwenyewe alikuwa anaogopa. Nikamwambia nitasema naye, na sikusema. Tukawa watu watatu jengo moja, kila mmoja anaogopa kifo kimoja kwa sababu zake.

Halafu Mwalimu akanitumia ujumbe, na ujumbe wake ulikuwa daima mrefu, wenye nukta na mkato. Safari hii ulikuwa maneno mawili: "Dada, njoo."

Ilikuwa mchana, jua kali. Nikapiga hodi. "Uko na nani?" Sauti ilikuwa imepungua. Peke yangu. "Na nyuma yako?" Hakuna mtu. Kufuli, komeo, kitasa, kila kimoja kilichukua muda wake.

Ukutani palikuwa na duara jeupe mahali pa sahani. Sahani yenyewe ilikuwa mezani, juu ya taulo, na kando yake nyundo ndogo ya kugongea misumari.

"Mimi ndiye wa mwisho," Mwalimu akasema, hajaketi hata. "Huku sijui hata kama nitapata kaburi, huku maiti huchomwa. Hakuna atakayekuja kutoka kwetu. Ivunje sasa, nikiona, ili ukoo ufungwe."

"Si uivunje mwenyewe?"

"Haivunjwi na mwenyewe. Lazima mtu mwingine aseme, ukoo huu umekwisha."

Simba yule alikuwa ananitazama na macho yake ya kutoka. Nilisikia nyayo za Tongoni, wallahi, zimekuja mpaka ghorofa ya tisa. Lakini mzee anakufa na ameniomba, na mimi nina deni la siku ile ya askari. Nikaichukua nyundo. Nikaiinua. Yeye akafumba macho kama mtoto anayesubiri sindano.

Na hapo, kwa hofu tu, si kwa ushujaa, mdomo wangu ukasema, "Mwalimu, na viatu?"

"Viatu gani?"

"Vya thelathini na mbili. Vya thelathini na nne. Vya arobaini na tatu. Na vile vidogo vyeupe."

Akageuka akatazama mlango, kama uliogongwa.

Akavuta kiti. Kisha akaketi, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba mama wa mtoto alikuwa mwalimu mwenzake Tabora. Kwamba alimpenda. Kwamba baba yake mchungaji alikuwa hai bado, na alikuwa amemtafutia mke Uswidi, wa kufaa kitabu. "Nilikuwa na mvi, Dada, na bado nilimwogopa baba yangu. Kanisani sikwenda. Bomani sikwenda. Cheti hakuna. Mtoto aliyezaliwa hivyo hahesabiwi."

"Na kwao yule mwanamke, hukwenda pia?"

"Kwao nilikwenda."

"Kufanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilitoa mahari. Ng'ombe sita. Wazee walikaa, wakala, wakanikabidhi."

"Loo! Mwalimu!" Nyundo ilinitoka mkononi ikaanguka zuliani. "Mahari umetoa, wazee wamekula, mke umekabidhiwa, halafu unaniita mimi nije nikutangaze kwamba huna mtu?"

"Kitabu kinataka karatasi."

"Kitabu!" Sijui hasira ile ilitoka wapi, labda ndiyo hofu ikikaa muda mrefu hugeuka. "Miaka ishirini unatusomea karatasi. Mara ngapi umetuambia karatasi hii safi, lakini kafungue boksi uone mali? Hapa mali ipo. Inavaa arobaini na tatu. Ina mtoto tayari. Karatasi ndiyo haipo. Mimi sifungi ukoo wenye watu ndani yake."

Akaanza kutetemeka, mabega kwanza. Nilidhani ni moyo, nikamshika. Akasema, "Naogopa. Nikimpa jina nitampa na haya mengine. Chini ya ngazi. Mwoka mikate. Kuhesabiwa. Yule kijana analala mlango wazi, Dada, mama yake aliniandikia zamani. Analala mlango wazi."

Nilimwambia tu, "Basi muulize mwenyewe kama analitaka. Mpelekee sahani, aamue. Akitaka kuivunja ataivunja yeye."

Fomu za kago huwa natembea nazo. Nikamwekea moja mezani, na kalamu. Mtumaji aliandika haraka. Kwenye mpokeaji aliandika lile jina moja, kama kila mwaka, akasimama. Kalamu ikagusa karatasi ikainuka. Ikagusa, ikainuka. Mara ya tatu nikageuka dirishani nisimwone. Niliporudi alikuwa ameliandika, jina la ukoo, herufi zote, baada ya jina la mwanawe, mistari imepinda kama imeandikwa ndani ya gari. Kwenye maelezo ya mzigo aliandika: sahani moja, nzima.

Nikatafuta kitu cha kufungia. Akavuta ule mkoba wa turubai nyuma ya mlango, akaufungua mara ya kwanza mbele yangu kutafuta shati. Ndani, chini ya pasipoti, palikuwa na nyayo. Zote, zimepangwa kuanzia ndogo, zimefungwa uzi. Nikanyoosha mkono nikidhani ni karatasi za kufungia.

"Hizo hapana," akasema kwa ukali wa Yide Lu.

Tukaifunga sahani kwa shati lake la safari, mikono ndani, kola juu. Nikaitia kwenye boksi, nikafunga utepe wa gundi mara nne. Akanisindikiza hatua mbili, akachoka, akarudi kukaa. Nikatoka nikavuta mlango nyuma yangu.

Nikasimama mbele ya lifti na boksi kifuani, nikisubiri kuzisikia. Kitasa. Komeo. Kufuli. Miaka ishirini sijawahi kufika lifti bila kuzisikia. Lifti ikaja, ikafunguka, ikajifunga, ikaenda. Sikusikia kitu. Nikakumbuka Ayi, nikakumbuka mabega yanavyotetemeka, nikasema nimemuua. Nimemuua kwa maneno yangu, ya rabi.

Nikarudi mbio mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, mwanga unaonekana ubavuni. Sikuthubutu kuusukuma.

"Hodi," nikasema.

Nikasogeza sikio mlangoni.

"Hodi, Mwalimu."

Nilisikia feni tu, inazunguka. Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake. Nikalikumbatia boksi, na sauti ilipotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya yule mtoto wa miaka saba mbele ya shimo la kaburi.

"Hodi?"

Hakuniuliza niko na nani.

"Karibu," akasema.